Samaki Watatu wa Kimihurura

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita nitarudia upesi, maana yaliyobaki ni mazito na nafasi niliyopewa ukurasa huu ni ndogo.

Mimi ni Eustache. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi waliokimbia Rwanda mwaka wa hamsini na tisa. Agosti 1994 nilipanda lori na mke wangu Alida, mimba yake ikiwa ya miezi minne, tukaja Kigali, mji ambao nilikuwa nikiujua kwa masimulizi ya baba tu. Mtaa wa Kimihurura tukakuta nyumba tupu, milango wazi, madirisha hayana vioo. Nikafanya walivyofanya wengine. Niliokota chaki, nikaandika jina langu getini, tukaingia.

Novemba mwenyewe akarudi.

Mama Épiphanie alirudi kwa miguu na mfuko mmoja wa plastiki. Mumewe Viateur na watoto wao watatu waliuawa Aprili. Tulidhani tunatupwa nje siku hiyo hiyo, na haki ingekuwa yake. Hakututupa. Alisema hawezi kulala peke yake ndani ya nyumba ile, akachukua chumba cha nyuma, akatuachia sisi cha mbele.

Siku ya tatu alikwenda nyuma ya jiko, akasogeza kifuniko cha tangi la saruji linalokinga maji ya mvua, akachungulia, akaanza kulia. Chini kule, kwenye maji tuliyokuwa tukiyanywa kwa miezi mitatu, walikuwa wakiogelea samaki watatu wadogo wenye mistari.

"Iko ya batoto," alisema. "Kila mutoto alikuwa na yake. Umeme ilikatika, pompe ikanyamaza, Viateur akasema bamwage samaki humu zisikufe. Eustache, ziko zima! Zote tatu!"

Kisha akauliza ni nani anayejua kuwarudisha kwenye tangi lao la kioo, lile la sebuleni.

Nami nikajibu, "Mimi, Mama. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Hapo ndipo nilipowaacha. Leo naanza kwa kuungama.

*

Haikuwa kazi yangu.

Ni kweli kwamba Bujumbura niliajiriwa na mzungu mmoja aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo wa ziwani kwenda Ulaya. Lakini mimi nilikuwa dereva. Nilipakia katoni, nikazifikisha uwanja wa ndege, nikarudi na karatasi zilizopigwa mhuri. Nilichokijua kuhusu samaki ni namna ya kufunga katoni isivuje. Kwenye banda la samaki nilikuwa nikipita tu, naona matangi yanatoa mapovu, na wenye kazi yao wananifukuza nisiguse kitu.

Sasa kwa nini nilisema vile? Kwa sababu nilikuwa nakaa bure kwenye nyumba ya mtu aliyefiwa, na kila nilipokutana naye ukumbini niliona aibu. Nilitaka sana niwe na kitu cha kumpa. Mdomo wangu ukaiwahi akili, na hiyo haikuwa mara ya kwanza.

Uongo huo mngeweza kunisamehe. Subirini wa pili.

"Pompe iko ndani ya kabati ya chini," Mama Épiphanie alisema siku ile ile. "Na mupira yake. Viateur alikuwa anaziweka pale."

"Nitaitafuta, Mama."

Sikuwa na haja ya kuitafuta. Nilijua iliko. Wiki ile ya kwanza tulipoingia niliikuta kabatini, pampu ya hewa, kidude cha kijani cha ukubwa wa nusu tofali, nikaenda nacho hadi njiapanda ya Sonatubes nikakibadilisha kwa godoro.

Alida alinivuta jikoni kwa mkono wa shati.

"Weye! Umesema kazi yako ni nini?"

"Samaki."

"Samaki unawajua kwenye sahani!"

"Nitajifunza."

"Na pompe?"

Alida akatazama upande wa chumba chetu, akatazama tumbo lake lililokwishafika miezi saba, akaelewa kabla sijatamka.

"Mwambie ukweli," alisema. "Leo hii. Mwambie hukujua kama mwenyewe yuko hai. Hatatukasirikia."

"Nimwambie nilitoa kitu cha marehemu mume wake nikapata pa kulala?"

"Ego, ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

Ningemsikiliza Alida siku ile, leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Nilimwambia nitasema kesho.

*

Kesho yake nilijitwika godoro kichwani, mchana kweupe. Mama Épiphanie alikuwa kwenye ngazi za mlango anavaa viatu. Kila asubuhi alikuwa akitoka, hasemi anakwenda wapi, na sisi hatukuuliza.

"Godoro inaenda wapi?"

"Kunguni, Mama. Nalipeleka juani."

"Hapa jua haiko?"

Tulikuwa tumesimama juani sote wawili, na jasho linanitiririka.

"La kule ni kali zaidi," nilisema, nikaondoka haraka kabla hajauliza kule ni wapi.

Évode, mtu niliyebadilishana naye, alikuwa na kibanda pembeni mwa barabara pale Sonatubes, anatengeneza redio. Umeme ulikuwa umerudi mitaa michache, unakuja na kuondoka unavyotaka. Nilimkuta ameinamia jiko, chuma chake cha kulehemu kimezikwa kwenye makaa, na chini ya jiko mpira wa ile pampu ya kijani unapuliza moto.

"Évode, sha, ndugu yangu, nimefuata kile kidude changu."

"Yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Yako iko godoro."

"Godoro hili hapa."

Akainuka, akalizunguka, akalibonyeza, akalinusa.

"Hii imelaliwa na mutu muzito."

"Mke wangu ana mimba."

"Ndiyo nasema. Katikati iko bonde." Akakuna kidevu. "Ongeza kitu."

Sikuwa na kitu. Akanitazama miguuni. Nikavua viatu, nikarudi Kimihurura peku, pampu kwapani, nikijisifu njia nzima kwamba mambo yamekwisha. Jioni Alida akatandika mkeka sakafuni, akanigeuzia mgongo.

*

Asubuhi iliyofuata Mama Épiphanie hakutoka. Alifunga kitambaa kichwani akasugua tangi la kioo mwenyewe, ndani na nje, akiimba kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiimba. Nilifurahi kiasi kwamba nilianza kuuamini uongo wangu.

Kutoka kwenye tangi la mvua nilivua chujio. Viateur alikuwa amelitupia humo pamoja na samaki. Lilikuwa kopo la plastiki lenye matundu, ndani yake sponji, katikati bomba. Pampu inasukuma hewa kwa mpira mpaka chini ya kopo. Mapovu yanapanda ndani ya bomba, yakipanda yanavuta maji, na maji hayafiki kwenye bomba bila kupita kwenye sponji. Uchafu unabaki hapo. Hata mimi dereva nilielewa nilipoligeuzageuza mkononi, na nikajiona fundi.

Lakini lile sponji! Lilikuwa jeusi, linateleza, linanuka tope.

Sasa mkumbuke miezi ile. Kila mtu Kigali aliogopa maji. Kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi kwenye kambi za wakimbizi, na visima vingine vilikuwa na mambo ambayo sitayaandika hapa. Kila nyumba ilikuwa na chupa yake ya javeli, ile dawa kali ya kuulia vijidudu. Kifuniko kimoja kwenye jerikeni, kifuniko kwenye mboga, kifuniko kwenye beseni la kuogea. Mtu akikupa mkono unaonuka javeli ulijua umefika kwa watu safi.

Nikamimina javeli kwenye beseni, nikazamisha sponji, nikasugua. Maji yakatoka meusi. Nikamwaga, nikamimina nyingine, nikasugua tena, mpaka sponji likawa la njano. Kokoto za chini na jiwe moja kubwa la tangini navyo nikavipitisha humo humo.

Mama Épiphanie alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Viateur hakuwa anaosha hivyo," alisema taratibu. "Alikuwa anakamua tu, mara moja, ndani ya maji yenyewe ya samaki. Alikuwa anasema... nimesahau alikuwa anasema nini."

"Mama, huu ni uchafu wa miezi saba."

"Yego. Wewe ndiyo unajua."

Maneno hayo yananichoma hadi leo. Baadaye sana padri mmoja aliyefuga samaki alinieleza lile alilokuwa amelisahau. Utelezi ule mweusi ulikuwa hai. Ni vijidudu visivyoonekana, na kazi yao ni kula sumu inayotoka kwenye mkojo na kinyesi cha samaki. Bila wao maji yanang'aa na samaki anaungua taratibu ndani yake. Ukiwa na sponji jipya inakubidi usubiri wiki kadhaa ili waote tena. Marehemu alijua, ndiyo maana aliliokoa chujio pamoja na samaki. Mimi nikaja nikaua vyote kwa mikono yangu miwili, nikiona ninafanya usafi.

Nikajaza kioo maji ya bomba, nayo yametiwa dawa huko yatokako. Nikachomeka pampu. Ikanguruma, mapovu yakapanda, na maji yakang'aa hata hukuweza kujua kama mna maji.

"Tayari?" Mama Épiphanie aliuliza.

"Tayari, Mama."

Hatukusubiri hata saa moja. Aliwachota mwenyewe kwa kitambaa cha kuchujia maziwa, mmoja mmoja, akiwatia ndani taratibu.

Nilipotoka nje kumwaga beseni, nilimkuta Alida juu ya tangi la mvua, chupa ya javeli imepinduliwa, inamalizikia humo.

"Unafanya nini?"

"Miezi mitatu nakunywa mikojo ya samaki, na mtoto tumboni! Kuanzia leo tangi hili ni la watu."

Nilicheka. Nawaambieni ukweli, nilicheka.

*

Siku ya kwanza samaki walipanda juu wote watatu, wakawa wanafungua na kufunga midomo usawa wa maji.

"Zinafanya nini?"

"Wanakusalimia, Mama."

Akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Muraho, bana banjye," akawajibu. Hamjambo, wanangu.

Siku ya pili umeme ukakatika. Pampu ilikuwa sakafuni, nami sikujua kwamba pampu huwekwa juu kuliko maji. Ilipozima tu, maji yakajivuta kwenye mpira, yakashuka, yakapita ndani ya pampu na kuanza kumwagika chini. Nilipofika sebuleni theluthi ya maji ilikuwa chini ya viti. Niling'oa mpira kwa meno. Nikaikausha pampu kwa shati langu, nikamwomba Mungu, na umeme uliporudi ikanguruma tena, ikikohoa.

Nikajazia maji kutoka kwenye jerikeni. Jerikeni ile nayo ilikuwa imekwishatiwa kifuniko chake cha javeli.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilimkuta yule mdogo kuliko wote anaelea kwa ubavu.

Nilisikia Mama Épiphanie akikohoa chumbani, anajifunga kitenge. Nilimtoa samaki kwa kijiko cha supu, nikamviringisha kwenye kipande cha gazeti, nikapita mlango wa jikoni, nikamtupa kwenye choo cha shimo. Sikufikiri. Nilitaka tu asimwone.

Alipotoka akasimama mbele ya kioo, akahesabu kwa kidole.

"Mudogo iko wapi?"

"Nyuma ya jiwe, Mama. Amejificha. Samaki wakihamia mahali papya hujificha."

Nilitegemea atashuku. Akatabasamu.

"Shami," alisema. "Hata yeye mwenyewe alikuwa hivyo. Ukimuita kula, anaingia chini ya kitanda."

Sikuwahi kulisikia jina hilo. Kwetu Buyenzi mama anaitwa kwa jina la mtoto wake, lakini sisi hatukuthubutu kumuuliza majina ya watoto. Tulimwita Mama tu, na Épiphanie ni jina lake mwenyewe.

"Hii kubwa iko Ntare," aliendelea, kidole juu ya kioo. "Hii ya tumbo nyeupe iko Mukunde. Na Shami ndiye mudogo, alikuwa na miaka mine. Akitoka, umupe kula. Usimuache hizi kubwa zikamunyang'anya."

"Nitampa, Mama."

Akavaa viatu akaondoka. Nikageuka, nikamkuta Alida mlangoni mwa jikoni.

"Nimekuona," alisema. "Umemtupa chooni."

"Ningemtupa wapi?"

"Unajua mama huyu anakwenda wapi kila asubuhi?"

"Sijui."

"Anakwenda kutafuta watoto wake. Jana aliniambia, tunachambua mboga. Kuna mtu aliyekuwepo Aprili amemwambia walitupwa kwenye choo cha shimo, huko bondeni. Vyoo viko vitatu, na huyo mtu anasema hakumbuki ni kipi. Anatafuta watu wa kumsaidia kuchimba. Anataka awatoe awazike, Eustache. Hana kingine anachokitaka duniani."

Nikakaa juu ya gunia la mkaa.

"Sikujua," nilisema.

"Najua hukujua. Mwambie. Na hawa wawili warudishe kwenye tangi la mvua sasa hivi, kabla..."

Akakatisha. Akatazama nje, kwenye tangi. Chupa tupu ya javeli ilikuwa bado juu ya kifuniko. Alida akajiziba uso kwa viganja, akalia kwa sauti mpaka nikaogopa kwa ajili ya mtoto.

*

Mama Épiphanie alirudi mapema siku ile. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo, akamsubiri Shami atoke nyuma ya jiwe.

Alimsubiri mpaka giza. Alikuwa akiongea naye Kinyarwanda, maneno madogomadogo ya mama na mtoto, nami nikiyaelewa yote.

Jumamosi hakwenda bondeni. Alisema mtu wa kumsaidia kuchimba ameahidi kuja, lakini yeye ndiye amemwomba asubiri kidogo, maana nyumbani ana jambo. Jambo lenyewe lilikuwa jiwe. Alikaa kwenye kiti kile kile, sahani ya maharage inapoa magotini.

"Eustache, Shami amekula?"

"Amekula, Mama. Ulipokuwa unaoga."

"Ulimuona?"

"Nilimwona."

"Iko mzima?"

"Mzima kabisa."

Sijui mtu anafikaje hapo. Kila jibu lilitoka laini, lenyewe, bila hata kunikwaruza. Upande wa pili wa kioo Ntare alikuwa anahema haraka haraka, mapezi yameshikana na mwili. Nikasema ni joto. Alida akapita nyuma yetu na ndoo, na hakunitazama tena siku nzima.

Jumapili asubuhi, kengele za misa zikilia huko mjini, Mama Épiphanie akainuka kwenye kiti. Akakunja mkono wa blauzi mpaka begani, akaingiza mkono kwenye maji, akalinyanyua jiwe.

Akalitazama lile pengo. Akalirudisha jiwe mahali pake polepole, akatoa mkono, akaufuta kwenye kitenge.

"Alikufa lini?"

Hakupaza sauti. Ningepona kama angepaza.

"Ijumaa, Mama. Asubuhi."

"Ijumaa." Akatikisa kichwa mara mbili. "Haiko shida. Samaki inakufa, mimi najua. Siko na hasira na wewe. Ulitaka nisilie."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini nataka kumuzika. Nimezunguka huku yote, sijazika hata mutoto moja. Huyu alikuwa ya Shami, alimulisha kwa mukono yake. Nataka kuzika hii moja, nijue iko mahali fulani." Akanigeukia. "Umemuweka wapi?"

Alida alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa yananiambia sema, sema sasa, hata kama atatutoa nje leo hii, hata kama mtoto atazaliwa barabarani. Nami naapa nilitaka kusema. Nilifungua mdomo nikiwa na ukweli wote ulimini.

"Nilimzika, Mama," nilisema. "Kule uani, chini ya mparachichi."

Akanisogelea.

"Ulimuzika? Hukumutupa?"

"Sikumtupa."

"Wewe mwenyewe, na mukono yako?"

"Mimi mwenyewe."

Uso wake ukalegea. Siku zote hizo sikuwa nimeuona uso wa mama yule umepumzika, na sasa nilikuwa nimeupumzisha kwa hilo. Akanishika mikono yote miwili, akainamisha kichwa, namna ambavyo mtu anamshukuru aliyemfanyia jambo kubwa.

"Twende," alisema. "Unioneshe. Nitamutoa nimufunge kitambaa, nimurudishe vizuri."

Akaingia chumbani kwake, akatoka na kipande cha kitenge kilichokunjwa. Akapita nyuma ya jiko, akarudi na jembe, akaniwekea mkononi.

"Wapi?"

Nikaonesha mahali. Palikuwa na majani makavu, ardhi haijaguswa tangu mvua ya mwisho, mtu yeyote angeona. Yeye hakuona, au hakutaka kuona. Alipiga magoti pembeni, akakunjua kitenge juu ya mapaja yake, akangoja.

Nikachimba shubiri moja. Udongo mtupu.

Nikachimba shubiri mbili. Alikuwa anauchambua kwa vidole, bonge kwa bonge, akivunja kila moja na kulichungulia ndani.

"Chimba tena," alisema.

Alida, aliyekuwa ametufuata, akageukia ukuta.

Shimo liliponifika magotini niliacha kuchimba. Jasho na machozi yalikuwa yananiingia mdomoni, na sikuweza tena kutofautisha. Nilitaka aseme yeye. Nilitaka aniite mwongo, aninyang'anye jembe, anipige nalo.

Mama Épiphanie aliingiza mkono kwenye shimo, akapapasa chini mpaka mwisho, akautoa.

"Ulimuweka chini sana," alisema. "Iko vizuri, Eustache. Imbwa hazitamufikia. Asante."

Nikainua jembe tena.